Theluji ya Mei na Juni Colorado: mwongozo kwa wakazi wa Denver na wageni wao

Mei ikiingia, nyumba nyingi za Waafrika Mashariki wa Denver na Aurora hujaa wageni. Mtoto anahitimu chuo, wazazi wamepata viza, shangazi naye hakukubali kubaki. Picha za joho zikiisha, mtu huuliza: ile theluji tunayoiona kwenye simu zenu iko wapi? Wengi wetu hujibu kwamba msimu umekwisha, mje tena Desemba. Jibu hilo linawanyima wageni mlima wa kuteleza kwenye theluji ulio umbali wa saa moja na nusu tu kwa gari.

Mlima wenyewe ni Arapahoe Basin, ambao wenyeji huuita A-Basin. Kwa kawaida lifti zake za viti huendelea kupandisha watu mpaka mwanzoni mwa Juni. Mwaka 2019 mlima ulifungwa Julai 4, na mwaka 1995 watu waliteleza hapo mpaka Agosti 10. Sababu kubwa ni mwinuko. Maegesho ya magari tu yako mita 3,286 juu ya usawa wa bahari, na kilele kinakaribia mita 4,000. Tena katika milima hii Machi na Aprili ni miezi ya theluji nyingi, hivyo wakati mitaa ya Aurora inachanua maua, huko juu mrundikano ndiyo kwanza umefikia ukubwa wake. Viwanja vingi vya jirani hufunga Aprili huku theluji ikiwa bado tele, kwa kuwa wateja wamehamia kwenye baiskeli na gofu na kuendesha lifti hakulipi tena.

Kwa maoni yangu, majira haya ndiyo yanayotufaa zaidi sisi tuliokulia kwenye joto. Jua linawaka, mchana unavaa koti jepesi, na huna hofu ya vidole kufa ganzi kama Januari. Na asikwambie mtu kwamba mchezo huu si wetu. Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi Nagano mwaka 1998, na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, akateleza Pyeongchang mwaka 2018.

Ila chagua wiki zako vizuri. Kama hujawahi kuvaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea, nenda Aprili au siku za mwanzo za Mei, wakati miteremko ya wanaoanza bado ina theluji na walimu bado wapo. Kufika Juni, miteremko inayobaki wazi ni michache na mingine ni mikali, ya watu wanaojua tayari kusimama na kukata kona. Usiku wa kuamkia safari, fungua tovuti ya uwanja uone ni lifti zipi na njia zipi zimefunguliwa. Tiketi nazo inunue hapohapo mtandaoni, maana A-Basin huweka kikomo cha tiketi za siku.

Sasa tuzungumze afya, na hapa naomba usisome harakaharaka. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika kambi ya Horombo, mita 3,720, akiwa ametembea siku mbili. Hapa unafika karibu na kimo hicho kwa gari na lifti kabla ya saa sita mchana. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kuhema ovyo ni mambo ya kutarajia. Mgeni aliyetua jana kutoka Dar es Salaam au Mombasa asipelekwe mlimani leo. Alale Denver usiku mbili au tatu, anywe maji ya kutosha, aache pombe. Aliyetoka Nairobi au Eldoret ana nafuu, kwa sababu Nairobi iko juu kidogo kuliko Denver. Lakini wewe uliyezaliwa Eldoret na sasa umekaa Houston miaka mingi, nafuu hiyo imekwisha. Mwili husahau mwinuko ndani ya wiki chache. Mzazi mwenye presha, ugonjwa wa moyo au pumu azungumze na daktari kwanza. Dalili zikizidi, hasa mtu akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa au kushindwa kupumua akiwa ameketi, dawa ya kwanza ni kumshusha, na ni saa ileile.

Kuna jambo ambalo miongozo ya Kiingereza hulipitia juujuu wakati kwetu ni kubwa: selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Mwenye ugonjwa kamili asipande kimo hiki bila ruhusa ya daktari wake. Mwenye kinasaba kimoja, yaani AS, kwa kawaida huishi bila shida yoyote na huenda hajui kama anacho. Lakini imethibitika kwamba baadhi ya watu wa AS hupata madhara ya bandama wakiwa kwenye mwinuko mkubwa, hata kama ni vijana wenye nguvu. Watoto waliozaliwa Marekani hupimwa wakiwa wachanga, kwa hiyo rekodi yao ipo. Sisi tuliozaliwa Mwanza, Kisumu, Tanga au Kisangani wengi hatukuwahi kupimwa, na hayo ni maeneo ambayo kinasaba hiki kiko kwa wingi. Kipimo chake ni cha damu tu. Kiombe kwa daktari wako kabla ya safari. Mtu akiwa juu akapata maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, msidhani ni gesi. Mshusheni, mpelekeni hospitali, na mtamke wazi mbele ya daktari kwamba ana au huenda ana kinasaba cha selimundu, maana daktari wa milimani anaweza asikifikirie.

Jua nalo lina hatari yake. Theluji inaweza kurudisha juu hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Ngozi nyeusi husaidia kiasi, lakini huungua, na macho hayana kinga hiyo kabisa. Asiyevaa miwani huona yuko salama mchana kutwa. Usiku ndipo macho yanapoanza kuwasha kana kwamba yameingia mchanga. Vaa miwani ya skii au miwani ya jua inayofunika pembeni, na paka losheni ya kukinga jua mpaka chini ya kidevu na kwenye matundu ya pua, kwa sababu mwanga unatoka chini pia.

Theluji ya majira haya hufuata saa. Usiku huganda, na asubuhi na mapema mteremko ni barafu tupu. Skii zinakwaruza na mgeni hana pa kushika. Kuanzia kama saa nne jua hulainisha safu ya juu, ikawa chengachenga kama za mchele, na hapo kuteleza ni raha mpaka kwenye saa sita. Baada ya hapo inageuka majimaji, inashika skii ghafla na kupinda magoti. Mchana pia ndipo radi za milimani zinapoanza, na lifti husimamishwa. Kwa hiyo fika mapema, maliza mapema.

Viatu na skii vikodi mjini siku moja kabla, bei huwa nafuu kuliko mlimani. Kiatu cha skii huvaliwa na soksi moja ndefu, nyembamba. Soksi mbili huziba damu na kuleta baridi. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma. Fundi akiuliza uzito wako, mwambie ukweli, kwa sababu ndio anaoutumia kupima skii zifyatuke kutoka kiatuni kwa nguvu gani ukianguka. Akina dada, helmeti haikai juu ya fundo la nywele. Sukeni zilale, mwisho wake ushuke mgongoni ndani ya koti. Hijabu iwe ya kubana, ncha zikiwa ndani, kwa kuwa kitambaa kinachoning'inia hunaswa na kiti cha lifti.

Wazazi wasiotaka kuteleza wana sehemu yao pia. Siku za jua, watu hupanga viti na majiko ya kuchomea nyama kwenye maegesho yaliyo mbele ya mlima, sehemu inayoitwa The Beach. Beba mishkaki, beba chai kwenye chupa, na blanketi la mama.

Wengine husimama Loveland Pass kupiga picha na kuteleza bure. Picha piga, ila huko ni nje ya uwanja, hakuna anayekagua maporomoko ya theluji. Soma utabiri wa Colorado Avalanche Information Center, na ukiona mabonge yanajiviringisha yenyewe mteremkoni, ondokeni.

Barabara ni I-70 kwenda magharibi. Njia ya kutokea namba 216 ni fupi lakini inapita Loveland Pass, mita 3,655, yenye kona kali. Dereva mgeni apite ndani ya Eisenhower Tunnel, atoke namba 205 Silverthorne, arudi kwa US 6 kupitia Keystone. Kati ya Morrison na Dotsero, mpaka Mei 31, sheria inataka gari liwe na matairi yanayofaa theluji au minyororo, hata kama lami imekauka. Wakati wa kurudi, shusha gia badala ya kukanyaga breki mteremko mzima.

Na mwambie kijana kabla hajapanda lifti: aliye chini yako ndiye mwenye haki ya njia, wewe wa juu ndiye wa kumkwepa. Mkigongana na mtu akaumia, simama, subirini watu wa doria wa uwanja, uwape jina na anwani yako. Kuondoka bila kujitambulisha ni kosa kwa sheria ya Colorado.