Kujiunga na ISA ukiwa Pemba: hatua zake, na pale kwenye malipo

Mhadhiri mmoja kijana wa Wete alinijia Ijumaa baada ya sala akitaka nimsaidie kulipia uanachama wake wa Chama cha Kimataifa cha Sosholojia, ISA. Nikamwambia kaa, dakika ishirini tu. Tumemaliza Jumatatu mchana. Alipokuwa anafunga kompyuta akasema, "Maalim, haya yaandike, maana mwakani atakuja mwengine." Haya, nimeyaandika.

Hatua ya 1: Chagua mlango

ISA iliundwa 1949 chini ya mwavuli wa UNESCO, na ofisi yake iko Madrid. Uanachama wa mtu binafsi ni wa miaka minne kwa malipo ya mara moja. Ada inategemea nchi unakoishi: kuna madaraja A, B na C kufuatana na uchumi wa nchi, na sisi Tanzania tumo kwenye C, daraja la ada ndogo kuliko zote.

Huku kwetu Afrika kuna mashirika ya utafiti wa sayansi ya jamii: CODESRIA ya Dakar, tangu 1973, na OSSREA ya Addis Ababa, tangu 1980. Hawa wafuatilie kwa matangazo yao ya ruzuku na mafunzo hata kabla hujawa mwanachama popote. Jarida la CODESRIA la African Sociological Review linasomeka bure mtandaoni, basi lisome, usilipakue tu ukaliweka. Tena CODESRIA inafanya kazi kwa Kiarabu pia, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Aliyesoma Khartoum au Cairo na Kiingereza chake kinamsumbua ana pa kuanzia.

Vyama vya Marekani na Uingereza? Vizuri, lakini si mwanzo. Nimeona watu wanalipa huko kwa sababu ya jina, kisha mwaka mzima wanapokea barua za mambo ya vyuo vya watu wengine.

Hatua ya 2: Kamati kwanza, pesa baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokosea. ISA ina kamati za utafiti (Research Committees, kwa kifupi RC) zaidi ya 50, na kila moja ina namba yake. Ukijiunga na ISA bila kamati umenunua kadi ya kuweka kwenye wasifu. Kamati ndiyo inayopanga vikao vya kongamano, ndiyo inayokutumia matangazo, na ndiyo yenye watu watakaokujua kwa kazi yako.

Mdogo wangu huyu anachunguza kina mama wa mwani: wale ambao mwani wao unakufa maji yakipata joto, wanaambiwa waende maji makubwa, na wengi wao hawajui kuogelea. Akataka kamati nne: RC24 ya mazingira, RC32 ya wanawake na jinsia, RC40 ya kilimo na chakula, na RC44 ya harakati za wafanyakazi. Nikamuuliza, "Ukisimama dakika kumi na tano mbele ya watu, unataka wakuulize kuhusu bahari au kuhusu mume aliyekataza mkewe kupanda ngalawa?" Akacheka, akasema la mume. Basi RC32. Akaongeza na RC24, sikumkataza, lakini mbili zinatosha, kwani kila kamati ina ada yake juu ya ile ya ISA.

Njia yangu ya kuchagua ni kutafuta programu ya kongamano lililopita, kama la Rabat 2025, na kusoma vichwa vya mada za kamati hiyo. Ukikuta tatu ambazo ungeacha chai yako ipoe ili uzisikilize, hapo ndipo pako. Anayechunguza utalii wa Nungwi au Kendwa aanze na RC50.

Hatua ya 3: Jina lako ni lipi?

Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Fomu zinataka jina la ukoo, na wengi tunaweka la babu. Mimi mwanzo niliweka la baba kwenye makala moja na la babu kwenye nyengine, na mpaka leo mtandaoni niko watu wawili. Amua mara moja, jisajili ORCID, daftari la mtandaoni la kutambulisha watafiti, ni bure na inakupa namba ya tarakimu 16, kisha tumia jina hilo hilo kila pahala.

Hatua ya 4: Fomu

Rahisi. Ila usiitafute Zanzibar kwenye orodha ya nchi: utateremka mpaka mwisho ukute Zambia na Zimbabwe. Nchi ni Tanzania, na ukiikosa kwenye T, tazama kwenye U, maana kuna orodha zinazoanza na "United". Usikosee, kwani nchi ndiyo inayoamua daraja la ada. Wakilazimisha namba ya posta, tafuta ya shehia yako. Za Zanzibar zinaanzia 7.

Hatua ya 5: Malipo

Kaa vizuri.

Kwanza, kadi yako ya benki huenda haijafunguliwa kwa malipo ya mtandaoni. Inatoa pesa mashine ya Chake kila mwezi, lakini mtandaoni imelala. Piga simu benki siku ya kazi, waambie waiwashe na uwaulize kiwango cha juu kwa siku.

Pili, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini uliyoisajili benki, si hiyo uliyoishika. Hapa ndipo Ijumaa yetu ilipoishia. Laini ya bwana ilikuwa ile ya alipokuwa anasoma Dar, imeshakufa zamani. Akabonyeza mara tatu, kadi ikafungwa. Jumamosi na Jumapili tukatazamana. Jumatatu asubuhi akateremka Chake, akajaza karatasi ya kubadilisha namba, akarudi.

Tatu, malipo yakigoma usikimbilie kurudia. Mara nyengine salio linapungua ingawa ukurasa unasema imeshindikana: pesa zimeshikwa tu, hazijalipwa, na zitarudi baada ya siku kadhaa. Angalia barua pepe kwanza, kisha taarifa ya akaunti. Ukirudia kwa pupa unaweza kushikiwa mara mbili.

Nne, ada ni kwa dola na benki inakata kwa kiwango chake yenyewe, si kile ulichokiona Google. Acha ziada ya kutosha kwenye akaunti. Upungufu wa shilingi elfu mbili unagomesha kila kitu.

Tano, VPN, ile programu inayoficha ulipo mtandaoni, izime. Kadi ya Tanzania inayoonekana inalipa kutokea Uholanzi inatiliwa shaka.

Mwenye M-Pesa anaweza kutengeneza kadi ya VISA ndani ya simu, na kwa ada ndogo kama hizi mimi naipenda kuliko ya benki: unaweka kiasi unachotaka, kikivuja kimevuja hicho tu.

Uhamisho wa benki hadi benki sikushauri. Niliwahi kuutumia, kwenye fomu nikaacha SHA, yaani gharama tugawane, na benki ya katikati ikakata chake njiani. Pesa zikafika pungufu, nikaandikiana na watu wiki sita kwa ajili ya dola zisizofika ishirini. Ukilazimika, chagua OUR, ulipe gharama zote wewe.

Hatua ya 6: Ikisiri na saa yake

Kongamano kuu lijalo ni la Gwangju, Korea Kusini, 2027. Ikisiri, yaani muhtasari wa mada unayoomba kuiwasilisha huko, haizidi maneno 300, na lugha rasmi za ISA ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Kiswahili bado kinangoja barazani. Andika ulichokiona uwandani katika sentensi ya pili, usisubiri ya mwisho.

Mwisho wa kupokea unahesabiwa kwa GMT. Saa sita ya usiku ya GMT ni saa tisa ya usiku kwetu, hivyo una saa tatu za nyongeza. Usizitegemee, umeme wetu unajulikana.

Misaada ya ada ya kongamano kwa watu wa madaraja B na C ipo, lakini anaangaliwa mwanachama aliyelipa. Kwa hiyo hatua ya 5 isisubiri wiki ya mwisho.

Hatua ya 7: Risiti

Ikiwa chuo ndicho kitakachokurudishia pesa, nenda kwa mhasibu *kabla* ya kulipa. Mimi nilipeleka risiti ya barua pepe nikaambiwa nilete yenye muhuri. Muhuri wa Madrid. Nikawaandikia, wakanitumia barua nzuri yenye saini, nikaichapisha kwa rangi. Mhasibu akaigeuza huku na huku, akauliza: "Hii saini mbona haijapenya upande wa pili?"