Jinsi ya kuishi na hela za kushuti video Mwanza bila kukopakopa

Kama unashika kamera, unarekodi sauti au unaedit hapa Mwanza unajua kazi zetu zina msimu. Desemba simu haipoi, harusi, send-off, video za wasanii, halafu ikifika Kwaresima na Ramadhani harusi zinakata, na mwenye nyumba Igoma hataki kujua habari za msimu.

Anza na makubaliano. Mkataba wa kurasa kumi prodyuza wa huku hasaini, usijisumbue, mtumie meseji WhatsApp: "Bro nathibitisha Jumamosi tunashuti Kamanga, siku moja masaa 10, mimi na kamera yangu 250,000, nusu leo, nusu kabla sijakabidhi kazi. Feri na msosi juu yenu. Tukizidisha, kila lisaa 25,000." Bei weka yako. Akijibu hata "poa" piga skrinshoti utunze, maana tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji inaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi.

Advansi haijaingia? Usipande feri. Huyo anayesema "tutamalizana kazi ikitoka" anakukopa, tena bila riba. Na mafaili ghafi yabaki kwenye diski yako, yeye mpe kopi yenye jina lako katikati ya picha aangalie, ukilipwa salio unamtumia safi. Wapo watakaosema unaringa, poa tu.

Kwenye bei watu wengi wanahesabu siku ya kushuti wanasahau siku tatu za kuedit, bando la kupandisha mafaili na betri zinazochoka. Ukifanya na kampuni ujue itakata kodi ya zuio asilimia 5 (inakatwa kwenye malipo yako na kupelekwa TRA, mamlaka ya mapato), hivyo iweke kwenye bei mapema na udai cheti chake, utakihitaji ukienda kufanya hesabu TRA.

Hela ya Desemba ikiingia toa kodi ya nyumba ya miezi mitatu kwanza, lensi mpya baadaye (lensi inakodishwa, chumba hakisubiri). Na weka ya uzeeni, NSSF, ule mfuko wa pensheni, wanapokea hata aliyejiajiri, unachangia mwenyewe kwa simu.

Miezi mikavu nenda soko la Mwaloni Kirumba. Wale wauza dagaa wana wateja mpaka Kongo na wengi bado wanapiga picha za mzigo kwa simu yenye kioo kilichopasuka, mwambie utamtengenezea video fupi nne kila mwezi kwa bei moja, analipa tarehe 1. Ukipata watatu wa hivyo kodi ya chumba imetoka.