Jinsi watu wa mtaa Nairobi wanaweza kudai shule ya umma kutoka serikali kuu

Ukiuliza watu wa Mukuru, Kawangware ama Kibra wanataka nini kwa serikali kuu utaskia usalama, kazi, bei ya unga, na shule. Mimi nitashika hiyo ya shule kwa sababu inaniuma sana, watoto wengi mitaani wanasomea shule za watu binafsi kwa darasa za mabati na si eti wazazi wamependa, ni vile shule ya umma ya karibu imejaa ama haiko kabisa, na mama wa kufua nguo ndiye anatafuta karo kila muhula huku tunaambiwa elimu ya msingi ni ya bure.

Kwanza jueni mnamdai nani. Watu hukimbia kwa MCA (mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti) mwaka mzima kumbe hiyo kazi si yake. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa: chekechea, taka, taa za barabarani na zahanati ni za kaunti, lakini shule za msingi na sekondari, polisi na hospitali kuu za rufaa ziko kwa serikali ya kitaifa.

Halafu tafuteni ushahidi, na hapa msiharakishe. Pitieni nyumba kwa nyumba muandike watoto wangapi wamefika umri wa shule, wanasoma wapi, wanalipa ngapi, wanavuka barabara gani kufika huko. Majina ya watoto msiweke, idadi yatosha. Kitu kingine ni kiwanja. Nairobi hata pesa zikipatikana mtaulizwa shule itajengwa wapi, so ulizeni mapema kama kuna ploti ya umma iliyotengewa shule hapo kwenu na saa hii iko mikononi mwa nani. Andikia wizara ya elimu na ile ya ardhi mkitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Barua ya Kiswahili inakubalika, haulazimiki kueleza unataka habari za nini, na ofisi inafaa kujibu ndani ya siku 21, ingawa inaweza kujiongezea 14 mara moja. Wakikataa ama wakinyamaza, peleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile hupokea malalamishi dhidi ya ofisi za serikali, kabla siku 30 hazijaisha. Kila barua ipigiwe muhuri wa kupokelewa na ubaki na kopi, tafadhali, hiyo kopi ndio nguvu yenu baadaye.

Sasa petisheni. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, hauhitaji wakili. Iandikwe kwa Kiswahili ama Kiingereza, bila kufutafuta, ielekezwe kwa Bunge la Taifa, iseme shida ni gani, mmejaribu ofisi zipi na zikasema nini (zile kopi sasa ndio zinaingia hapa), na kama kesi iko kortini ama haiko. Mwisho mseme mnaomba nini haswa. Usiandike "serikali iangalie elimu mtaani", andika "wizara ijenge shule ya msingi kwa ploti fulani na ituambie pesa zitawekwa kwa bajeti ya mwaka gani". Kila mmoja aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi, asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Mnaweza kupeleka wenyewe kwa Karani wa Bunge ama mbunge awawasilishie.

Angalieni pia kalenda. Mwaka wa serikali huanza Julai mosi, lakini sera ya bajeti hufika Bungeni kufikia 15 Februari na makadirio kufikia 30 Aprili, kwa hivyo petisheni ya mwezi wa sita imechelewa kwa pesa za mwaka huo. Mimi ningeipeleka Oktoba ama Novemba.

Kamati ya Bunge inayoshughulikia petisheni yenu ikiwaita, msitume tu mwenye mdomo mzuri, aende na mzazi ambaye mtoto wake anatembea asubuhi na giza, aongee Kiswahili chake cha kawaida na abebe hesabu ya watoto. Kamati inafaa kutoa ripoti ndani ya muda uliowekwa na kanuni za Bunge. Muda huo ukipita kimya, andikia Karani barua fupi ukiuliza ripoti iko wapi, kopi kwa mbunge wenu, kopi nyingine ibandikwe pale watu huchotea maji ili mtaa mzima uone.