Kutambua seli za CD4 na CD8 kwa kingamwili zenye rangi: anza na dozi

Mwanafunzi wa atachimenti akifika kwenye benchi yetu hapa Kisumu, kwanza husoma karatasi iliyokuja na chupa ya kingamwili: mikrolita 5 kwa kila sampuli. Kisha anachukua pipeti. Hapo ndipo mimi humwomba asubiri. Dozi hiyo ilipimwa kwa mashine nyingine (flow cytometer, inayopitisha seli moja moja mbele ya leza na kusoma mwanga wake) na damu nyingine. Ukizidisha, kingamwili hunata hata kwenye seli zisizohusika, na seli hasi, yaani zisizo na alama tunayotafuta, nazo zinaanza kung'aa. Ukipunguza mno, seli chanya, zenye alama hiyo, zinafifia.

Tutatumia kingamwili tatu, kila moja ikiwa na jina la alama (CD) inayoishika juu ya seli. CD3 iliyofungwa rangi ya FITC hushika seli T zote. CD8 yenye PE hushika seli T zinazoua seli zilizoambukizwa. CD4 yenye APC hushika seli T wasaidizi, zile ambazo virusi vya HIV huzimaliza. FITC na PE huwashwa na leza ya bluu ya nanomita 488. APC inahitaji leza nyekundu.

Hatua ya 1: Damu

Tumia damu ya tyubu ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), siku hiyo hiyo iliyotolewa, na uandike saa kwenye tyubu. Sampuli zinazotoka mbali, tuseme Siaya au Bondo, zisikae juu ya barafu wala kwenye gari lililoegeshwa juani. Nyuzi joto 18 hadi 25 zinatosha, na kwa jua letu la alasiri hilo linahitaji mpango.

Hatua ya 2: Pima dozi

Hapa usiwe na haraka. Panga tyubu ndogo tano, kila moja na mikrolita 10 za bafa (PBS, yaani maji ya chumvi ya maabara, yenye asilimia 2 ya seramu ya ndama). Ongeza mikrolita 10 za kingamwili kwenye ya kwanza, changanya, hamisha mikrolita 10 kwenda ya pili, changanya, na uendelee hivyo hadi ya tano. Sasa mikrolita 10 kutoka kila tyubu zimebeba kingamwili mikrolita 5, 2.5, 1.25, 0.6 na 0.3. Umetumia dozi mbili tu za chupa nzima.

Tia kila mchanganyiko kwenye mikrolita 100 za damu, na tyubu ya sita ipate bafa tupu. Ujazo usibadilike kati ya tyubu, maana kinachoamua ni ukolezi. Ukishapitia Hatua ya 3 hadi ya 5 na kusoma kwenye mashine, chukua mediani ya mwanga wa seli chanya, toa mediani ya seli hasi, gawanya kwa mara mbili ya mtawanyiko sanifu wa seli hasi. Dozi yenye jibu kubwa ndiyo yako. Rudia kwa kila kingamwili, na kila chupa yenye namba mpya ya toleo.

Hatua ya 3: Tia rangi

Weka kingamwili zote tatu chini kabisa ya tyubu, kisha mikrolita 100 za damu juu yake. Ncha ya pipeti isiguse ukuta. Damu iliyopakaa ukutani haikutani na kingamwili, halafu inateremka wakati wa kuosha na kukuletea seli zisizo na rangi. Nimeona tone dogo namna hiyo likiharibu hesabu ya mgonjwa mzima.

Tikisa taratibu, funika kwa foili, subiri dakika 20.

Hatua ya 4: Ondoa seli nyekundu

Mililita 2 za dawa ya kuvunja seli nyekundu, dakika 10, mpaka uweze kusoma maandishi kupitia tyubu. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 300 g dakika 5, mwaga, osha mara moja kwa bafa, kisha ongeza mikrolita 300 za bafa. Stima ikipotea kabla ya kusoma, hifadhi seli kwa paraformaldihaidi ya asilimia 1 na uziweke gizani kwenye friji.

Kuhusu friji: chupa zikae mbali na sehemu ya barafu. Kwenye maabara moja niliyofanyia kazi, chupa ya CD8 ilisukumwa nyuma ikaganda usiku. Kesho yake seli za CD8 zilikuwa hafifu, tukalaumu mashine nusu siku. PE ni protini kutoka mwani mwekundu, na barafu huiharibu.

Hatua ya 5: Soma

Kwanza pitisha tyubu isiyo na rangi, kisha tyubu zenye rangi moja moja, ili mashine irekebishe mwanga wa FITC unaomwagikia upande wa PE.

Halafu chagua limfosaiti (kundi la seli nyeupe lenye seli T), ndani yake seli za CD3, na ndipo utenganishe CD4 na CD8. Usiruke CD3. Monosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, nazo zina CD4 kidogo. Ukianza na CD4 utazihesabu kama seli T. Na kwa mtu mwenye malaria, monosaiti zikiwa zimemeza hemozoini (rangi inayoachwa na vimelea vya malaria), usitegemee mahali zinapokaa kwenye grafu. Ongeza kingamwili ya CD14, alama ya monosaiti, uzitambue.

Mwisho, jumlisha asilimia ya CD4 na ya CD8 ndani ya CD3. Jumla ikaribie 100, kwa kuwa seli T zisizo na yoyote kati ya hizo kwa kawaida ni chache. Ikipungua sana, rudi utazame dozi na chupa za CD4 na CD8.