Paka ghalani, bundi mwembeni: namna ya kupunguza panya nyumbani kijijini

Hapa kwetu Dumila, wilaya ya Kilosa, mahindi yakishaingia nyumbani baada ya mavuno ya masika, panya nao wanahama shamba. Kuanzia Agosti utasikia mbio darini usiku kucha, na asubuhi gunia limetobolewa kwenye kona ya chini. Wengi hukimbilia kununua sumu. Mimi nawasihi jirani zangu waanze kwingine, na sababu yake nitaieleza kwanza, maana ukiielewa hiyo, mengine yote yatakaa sawa.

Panya shamba, yule mwenye matiti mengi kupita wanyama karibu wote, hubeba mimba siku kama 23 tu, na uzao mmoja unaweza kufika watoto kumi au zaidi. Paka hubeba mimba miezi miwili. Bundi hutaga mara moja au mbili kwa mwaka. Sasa ukimwaga sumu, panya hafi pale pale. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda, kwa hiyo hukaa siku kadhaa akidhoofika, anayumba mchana kweupe, na huyo ndiye anayekamatwa na paka wako au kubebwa na bundi. Panya waliobaki watajaza pengo katika msimu mmoja. Aliyewala hao wagonjwa akifa, utakaa mwaka mzima bila mlinzi. Na wale wanaochanganya dawa ya shambani na dagaa wakaacha sakafuni, wanaweka roho za watoto na kuku wao rehani. Hilo silikubali kabisa.

Kabla hujatafuta paka, nyima panya chakula. Paka hawezi kushinda gunia lililo wazi. Kama una kihenge, kiinue juu ya miguu, na kila mguu uvishe bati lililokunjwa kama faneli, mdomo mpana ukielekea chini, usawa wa mita moja hivi kutoka ardhini. Panya akipanda atafika pale na kugota. Lakini bati halina kazi kama umeegemeza ngazi au jembe kwenye kihenge, au tawi la mpapai linagusa paa. Mifuko ya kuhifadhi nafaka isiyopitisha hewa ni mizuri kwa dumuzi, ila kwa panya si kitu, anaitoboa kama gunia jingine lolote. Iweke juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, ili paka apite nyuma yake. Nafasi hiyo ya nyuma ya magunia ndiyo watu wengi huisahau, na ndiko panya wanakozalia. Ziba matundu kwa saruji au wavu wa chuma. Tundu linalopitisha kidole gumba linampitisha panya, na lile linalopitisha kalamu linatosha kijipanya kidogo. Fyeka majani kuzunguka nyumba. Panya hapendi kuvuka mahali peupe.

Sasa paka.

Usichukue paka yeyote anayezurura. Uliza ni paka jike wa nani anayeonekana na panya mdomoni, kisha omba mtoto wake. Uwindaji ana nao kwa asili, lakini ustadi anaupata kwa mama. Nimemwangalia paka wangu, jike wa rangi ya majivu, akileta panya mzima ghalani. Anamwachia mbele ya watoto, anarudi nyuma hatua mbili, analala kifudifudi akitazama. Panya akijaribu kutoroka chini ya chaga, anamrudisha kwa mguu mmoja, halafu anawaachia tena. Watoto wanamrukia, wanakosa, wanaogopa meno yake, mmoja anarudi. Mama haingilii mpaka panya anapokaribia tundu. Mtoto uliyemtoa kwa mama akiwa na mwezi mmoja hajapata masomo hayo. Msubiri afike miezi miwili, mitatu ni bora zaidi, na ukiweza chukua wawili waliozaliwa pamoja, hawatatoroka kirahisi. Mimi napendelea majike. Anayelea hana mchezo kwenye kuwinda.

Ukileta paka mkubwa, usimwachie siku ya kwanza. Mfungie ghalani wiki mbili hadi tatu, umpe maji, chakula, na beseni la mchanga. Ndipo umfungulie jioni, kabla hajala, umwite arudi kula. Atajua hapo ni kwake.

Kuna imani imeenea kwamba paka akishiba hawindi, hivyo watu wanamlaza njaa. Paka mwenye njaa huhama. Huenda kwa jirani anayekaanga samaki, au anaanza kula vifaranga vyako. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, ndivyo alivyoumbwa. Mpe kidogo asubuhi na jioni: ugali laini uliochanganywa na dagaa wasio na chumvi, vichwa vya samaki, utumbo wa kuku uliochemshwa. Ugali mtupu hautoshi, paka ni mla nyama. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi, maji yanatosha. Na sahani iondoe kabla ya giza, la sivyo unawaandalia panya futari.

Mtengenezee njia. Panya wa darini, yule mwenye mkia mrefu kuliko mwili, haji chini kirahisi. Paka asipoweza kupanda dari hatamfikia. Nimeegemeza ubao mnene wenye vipande vya mbao vilivyopigiliwa kama ngazi, kutoka ghalani hadi darini. Hapo ndipo tofauti ilipoonekana nyumbani kwangu. Uwe mkweli kuhusu uwezo wake pia: paka hupenda vijipanya na panya wachanga, ila dume zee la panya huweza kumwogopesha, na panya buku wengi hawamjali. Kwa hao, tumia mtego wa chuma.

Usimwache mbwa nje ya hesabu. Kule Eswatini kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliofanywa kwenye kaya za wakulima vijijini. Mahali penye paka na mbwa kwa pamoja, panya walitembea kidogo na kula kidogo. Penye paka peke yake au mbwa peke yake, haikuwa hivyo. Mimi naona mantiki yake: mbwa anawabughudhi uwanjani na kwenye mashimo, paka anawasubiri ndani, na panya anakosa pa kupumulia. Walee pamoja tangu wadogo.

Kuhusu vifaranga, mwingize mtoto wa paka wakati kuna mama kuku mkali mwenye vifaranga. Akidonolewa puani mara moja, adabu inamkaa. Hata hivyo vifaranga wa wiki za kwanza nawafunika kwa tenga.

Afya si jambo la kuruka. Chanja paka na mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Akikuuma au kukuparura paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka wala mchanga wake, kuna vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Na muombe mtaalamu wa mifugo awahasi paka wa ziada. Nyumba moja inatosha na wawili au watatu. Paka waliozagaa bila mwenyewe humaliza ndege na mijusi, na sisi tulio jirani na Mikumi tuna paka pori huko anayezaana na hawa wetu, uzao wake asilia ukapotea.

Nje ya uwanja, mlinzi mkubwa ni bundi, hasa yule mweupe mwenye uso wa umbo la moyo anayekaa kwenye magofu na mapango ya miti. Najua tulivyolelewa. Mzee jirani alinifuata akaniambia, "Mwanangu, ndege huyo akilia kwako kuna msiba." Nilimwamkia, nikamkalisha, kisha nikamwonyesha kilichokuwa chini ya mwembe. Bundi humeza panya mzima, halafu hutapika donge kavu la manyoya na mifupa, jeusi jeusi, refu kama kidole gumba. Ukililoweka kwenye maji na kulifumua kwa kijiti unakuta mafuvu, na kwenye kila fuvu meno mawili ya mbele, ya rangi ya chungwa, yaliyopinda. Ni meno ya panya. Tulifumua madonge mawili pale kwenye kigoda, mafuvu tukayapanga kwenye jani la mgomba. Mzee aliyatazama muda mrefu, akauliza kama haya ni ya usiku mmoja. Sasa hamruhusu mjukuu wake arushe jiwe kule.

Ukitaka bundi akae, usikate mti mkavu wenye pango kama hauko hatarini kuangukia nyumba. Au tengeneza sanduku la mbao: urefu sentimita 60, upana na kimo 40 au zaidi kidogo, tundu la sentimita 15 lililo juu kidogo ya sakafu ya sanduku ili makinda wasidondoke. Toboa vitundu vidogo chini vya kutolea maji. Lifunge mita nne au zaidi juu, tundu likitazama shamba na si barabara. Bundi anaweza asije mwaka wa kwanza. Usipande kuchungulia mara kwa mara. Angalia chini, madonge yatakuambia.

Shambani unaweza kusimika miti yenye kitawi cha kukalia bundi, urefu wa mita tatu hivi. Lakini sitakudanganya kwamba hiyo pekee itaokoa mbegu. Watafiti waliofanya kazi kwenye mashamba ya mahindi Morogoro waliona kwamba panya waliokingwa na nyavu dhidi ya wawindaji waliongezeka haraka na wakawa wengi zaidi, kwa hiyo wawindaji wana kazi wanayoifanya. Ila kuongeza miti na viota kwenye shamba la wazi kulibadilisha kidogo tu, panya wengine huingia kutoka nje. Ndiyo maana pori la pembeni lifyekwe kabla ya kupanda, na majirani wapande wakati mmoja, kwa sababu panya hufukua mbegu tangu siku ya kupanda mpaka mche unapokomaa kidogo.

Nguchiro, kanu na kicheche nao hula panya, ila pia huiba kuku, hivyo banda lifungwe usiku badala ya kuwatega. Nyoka ni habari nyingine. Wapo wasio na sumu wanaoishi kwa kula panya, lakini fira na bafe nao hufuata panya hao hao, na gizani hutawatofautisha. Nyoka wa mpakani mwa shamba muache aende zake. Wa ndani ya nyumba, ita mtu anayejua, na ujue kilichomleta ni panya.

Mwisho ni mambo mawili ya hatari. Ukiona panya wanakufa wenyewe, wengi, bila sumu yoyote, usiwaguse na wazuie paka. Lushoto iliteswa na tauni miaka ya 1980 na 1990. Ugonjwa huo husambazwa na viroboto wanaomhama panya aliyekufa, na paka naye huupata. Toa taarifa zahanati mara moja. Na ikitokea mlipuko wa panya kijiji kizima, kama inavyokuja baada ya vuli yenye mvua nyingi, hapo paka na bundi hawatoshi. Nendeni pamoja kwa afisa ugani. Akileta chambo, kiwekwe ndani ya mashimo au kwenye vipande vya bomba, paka na mbwa wafungiwe siku zote za zoezi, na kila asubuhi mzoa mizoga apite na koleo, aifukie chini kabisa, kina cha shimo kisiwe chini ya nusu mita, kabla bundi na kunguru hawajaiona.