Ukienda kuuliza habari za homoni, nenda na karatasi yako

Julai hapa Mbeya watu wanalala na soksi. Mimi nilikuwa kwenye cherehani pale Mwanjelwa, mlango wazi, sweta nimelivua, jasho linadondokea shati jeupe la mwanafunzi. Mteja akauliza kama nina malaria. Nilikuwa na miaka 51, mwaka mzima sijaona hedhi.

Daktari wa kwanza hakuinua uso. "Mama, huo ni umri, utazoea." Nilipotaja homoni, zile dawa za kutuliza joto la hedhi kukoma, akasema zinaleta saratani, akaita mgonjwa mwingine. Wa pili alianza kuniandikia dawa kabla hajanipima presha. Huyu ndiye aliyeniogopesha zaidi.

Basi wewe unayejiandaa kwenda, anza kuandika wiki mbili kabla: joto limekuja mara ngapi, saa ngapi, usiku umeamka mara ngapi. Mimi niliandika kwenye karatasi ya vipimo vya wateja: kiuno 34, bega 15, joto saa 8 usiku, tena saa 10. Ukisema "nasikia joto" ataona ni malalamiko ya kawaida. Ukimwonyesha mara tisa kwa siku, atashika kalamu.

Upande wa pili andika magonjwa uliyowahi kuugua: saratani ya matiti, damu kuganda miguuni au kwenye mapafu, kiharusi, moyo, ini. Kama umetokwa na damu baada ya hedhi kukoma, hata tone, liseme hilo kwanza. Linachunguzwa hata kama hutaki homoni yoyote. Sema pia kama kizazi kilitolewa. Mwenye kizazi hapewi estrojeni (homoni kuu ya kike) peke yake, kwa sababu inanenepesha utando wa ndani (mimi fundi nauita bitana) hadi unaweza kuzaa saratani. Projesteroni, homoni ya pili, ndiyo inayouzuia. Na ile mizizi uliyouziwa sokoni, itaje bila aibu.

Hofu ya madaktari ina chanzo. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Kati ya wanawake 10,000 waliotumia homoni zote mbili, saratani ya matiti iliongezeka kwa wanane hivi kwa mwaka. Habari ikazunguka dunia. Kilichochelewa kufika ni kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi imekoma chini ya miaka 10, anayeteseka na joto na hana magonjwa hayo, mara nyingi faida huzidi hatari.

Lakini usimtupie daktari hayo usoni, atajikunja. Muulize tu: "Daktari, kwa umri wangu na historia yangu, hatari yangu mimi ni ipi?" Wa tatu aliposikia hivyo alivuta kiti. Muulize pia kuhusu homoni ya kubandika au ya kupaka kwenye ngozi, maana haionekani kugandisha damu kama vidonge, na kama inapatikana hapa mjini.

Presha yangu ilisoma 158 kwa 96. Akasema tuishushe kwanza, homoni tutaongea nikirudi baada ya mwezi. Sikununa. Nilikunja karatasi yangu, nikamwomba aandike tarehe nyuma yake, chini ya kiuno 34.