Antivoli bila ufunguo: namna ninavyoitoa

Mama mmoja wa Himbi, hapa Goma, aliniletea gari lake la RAV4 pale Majengo, tairi ya mbele imekatwa na jiwe la lava. Kwado (mziba matairi) wa jirani alikuwa amekwisha kulegeza nati nne. Ya tano ilimshinda. Ilikuwa antivoli, yaani nati ya kuzuia wizi wa magurudumu, inayofunguliwa kwa ufunguo wake maalumu: mviringo, haina pembe za kushikwa na ufunguo, usoni imechongwa mchoro kama ua.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuzikaza tena zile nne. Mama alishangaa. Lakini nati nyingine zikilegezwa, uzito wote huangukia ile moja, nayo hubana zaidi. Antivoli hutoka kwanza, wenzake wakiwa wamekaza.

"Mama, ufunguo wake uko wapi?" Hakujua kama upo. Tuliutafuta kwenye droo ya dashibodi, chini ya zulia la buti, ndani ya mfuko wa jeki. Ni kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba, na gari la mtumba kutoka Japani likishapita mikononi mwa watu watatu wanne, hupotea. Niliomba pia kuona karte roze, hati ya umiliki wa gari. Fundi anayefungua antivoli bila kuuliza gari ni la nani anaweza kuwa anamsaidia mwizi.

Gari libaki chini, usiliinue kwa jeki. Vuta breki ya mkono, tia gia, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu (Goma mawe hayakosekani). Vaa miwani ya kazi, kwa sababu chuma cha antivoli ni kigumu na kikipigwa kinaweza kurusha vipande.

Sasa tafuta soketi ya zamani, yenye ukuta mnene, ya pembe kumi na mbili. Ya pembe sita haifai hapa: meno kumi na mawili hupata mahali pengi pa kung'ata kwenye chuma cha mviringo. Nyembamba nayo hupasuka. Iwe ndogo kidogo kuliko kichwa cha nati, kiasi kwamba ukiisukuma kwa mkono inakataa kuingia. Uwe tayari kuipoteza. Mimi ninazo chache nilizozitenga kwa kazi hii tu.

Ipige kwa nyundo nzito, moja kwa moja, bila kuinamisha mkono. Sikiliza. Mwanzoni mlio ni wa chuma kinachorukaruka. Ikishazama, mlio unakuwa mzito, mfupi. Hapo acha. Tia baa ndefu, sukuma kuelekea kushoto polepole kwa uzito wa mwili. Usiishtue kwa kuvuta ghafla, soketi itachomoka na kazi yote unaianza upya. Ile ya mama ilipiga mlio mmoja mkali, ikaanza kuzunguka. Nati iliyonasa ndani ya soketi unaitoa kwa kupitisha chuma kwenye tundu la mraba la nyuma na kuigonga.

Kuna antivoli zenye pete ya nje inayozunguka bure. Hizo soketi itazunguka nayo bila faida; pete hukatwa kwanza kwa patasi, kwa subira, usiguse rimu.

Wengi hukimbilia kuchomelea nati juu ya antivoli. Inawezekana, lakini nakusihi: usimruhusu mtu kupeleka moto kwenye gurudumu lenye upepo. Tairi ikipashwa joto hivyo inaweza kulipuka na kuua. Toa upepo wote, chomoa betri, na hata hivyo iwe njia ya mwisho. Kutoboa kwa drili? Biti za kawaida huisha makali kabla nati haijaisha.

Tulitoa antivoli zote nne, moja kwa kila gurudumu, siku ileile, na nikamkataza mama kuzirudisha. Nati mpya ilinganishe na zile zilizobaki: uzi wa M12 kwa 1.5 (kipenyo milimita 12, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.5), na mkao wake, yaani upande unaogusa rimu. Nyingine zina ncha ya koni, nyingine zina washa bapa. Ukichanganya, gurudumu halikai. RAV4 ile tuliikaza kwa Nm (newton-mita) 103, kwa ufunguo wa kupimia nguvu ya kukaza, nati zikikazwa kwa kupishana. Kisha nilimwambia arudi kukaguliwa baada ya kilomita 50, yaani kama kwenda Sake na kurudi. Alirudi, na nati mbili zilikubali kukazwa robo ya mzunguko zaidi.